Sala za Kwenye Kiti cha Kusafishia Damu

Figo zangu zilipokufa nikaanza kusafishwa damu kwa mashine, yaani dialisisi, kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na mtu wake aliyepona. Mjomba wa rafiki, jirani wa shemeji, binti wa mfanyakazi mwenzake: figo zilikufa, akaombewa, zikaamka. Mwanzoni nilizisikiliza hadithi hizo kwa hamu. Baadaye zikanichosha, na mwisho nikawa naziogopa, kwa sababu zilinizoesha kuihesabu kila asubuhi niliyoamka mgonjwa kuwa ni asubuhi ambayo dua yangu imerudishwa.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi kwamba figo zake zimefika ukingoni, na kwa jamaa zake ambao hawajui waseme nini. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya mswalani. Mwenye imani nyingine atajua pa kubadilisha. Mashine haibagui dini, na potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, nayo haibagui.

Ugonjwa wenyewe uliingia bila kubisha hodi. Nilikuwa na presha ya kupanda ambayo haikuwahi kuniuma, na figo nazo haziumi zinapokufa taratibu. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi ya figo zake huku bado anakwenda kazini, anabeba watoto, na uchovu anausingizia umri. Dalili zilipojitokeza zilikuja kwa mkupuo: miguu kuvimba, kichefuchefu cha asubuhi, ladha ya chuma mdomoni, ngozi kuwasha usiku kucha, pumzi kukatika nikilala chali. Daktari alisoma majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanya kazi kiasi gani, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekuja na nani. Swali hilo lilinieleza zaidi kuliko majibu yenyewe.

Nikawekwa katheta shingoni, yaani mpira unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, nikasafishwa kwa dharura. Kama wewe bado una muda, yaani daktari amekwambia figo zinashuka lakini hazijafika mwisho, usiusubiri mlango huu. Uliza mapema kuhusu fistula, ule upasuaji mdogo wa kuunganisha mshipa wa ateri na mshipa wa vena mkononi. Fistula huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kukomaa kabla ya kuchomwa sindano, na ni salama kuliko katheta, ambayo ni njia ya wazi ya vijidudu kuingia kwenye damu. Tangu siku unayoambiwa habari ya fistula, linda mkono utakaotumika: damu ya vipimo itolewe mkono wa pili, dripu iwekwe mkono wa pili. Wauguzi wa wodi za kawaida husahau. Wewe usisahau.

Miezi ya mwanzo sala yangu ilikuwa moja tu: hii iwe ya mwisho. Nilipokaa kwenye kiti niliiomba, damu ilipoanza kutembea kwenye mipira niliiomba, na nilipobanwa pamba kwenye jeraha mwishoni nilikuwa nimekwisha kasirika. Nilimkasirikia Mungu kwa namna ambayo sikuwahi kudhani ningethubutu. Nilisimama kuswali huku nimenuna. Sijutii sana hasira hiyo. Mtu anayemnunia mtu bado ana mazungumzo naye, na naona hata manabii waliolalamika hawakufukuzwa mlangoni. Lakini hasira ile ilikuwa inanila. Silali, sili, sitaki kuulizwa hali, na nikiulizwa nisipojibiwa "pole" nachukia, nikijibiwa "pole" nachukia vilevile.

Aliyenitoa hapo hakuwa shehe. Alikuwa muuguzi mmoja ambaye siku hiyo alikuwa na nafasi, akavuta kigoda akanieleza mashine inafanya nini. Nilikuwa nimekaa mbele yake kwa wiki nyingi bila kuijua. Alinionyesha kichujio, lile bomba la plastiki lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati. Damu inapita ndani ya nyuzi, maji maalumu yanapita nje yake kwa mwelekeo wa kinyume, uchafu unavuka kutoka upande wenye wingi kwenda upande wenye uchache. Basi. Nje ya mwili kwa wakati mmoja hukaa damu kidogo tu, kama robo lita hivi, lakini kwa saa nne damu yangu yote huzunguka tena na tena, na maji yanayopita upande wa pili wa nyuzi hufika takriban lita 120. Akaniambia pia jambo ambalo lilinifungua macho: figo nzima huchuja mchana na usiku, saa 168 kwa wiki. Mimi nachujwa saa 12. Hivyo mashine hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ya figo, na sehemu iliyobaki hulipwa na mwili kwa uchovu, kuwashwa na usingizi wa mang'amung'amu.

Huwezi kuamini nilivyopata nafuu kwa kusikia hivyo. Nilikuwa nauchukulia uchovu wangu kama ishara ya imani haba. Kumbe ulikuwa hesabu.

Tangu hapo nikawa mtu wa maswali. Niliuliza uzito mkavu ni nini (ni uzito wa mwili usio na maji ya ziada, ndio unaolengwa mwisho wa kila awamu). Niliuliza kwa nini misuli ya miguu inakaza katika saa ya mwisho. Niliuliza heparini ni ya nini, nikaambiwa inazuia damu isigande ndani ya mashine, ndiyo maana ukitoka hapo usiende kung'oa jino. Na kadiri nilivyojua, sala yangu ilibadilika bila mimi kuibadilisha. Huwezi kuendelea kuomba kitu kiondolewe kwa hasira ukishaona kwa macho yako kwamba ndicho kinachokupa wiki nyingine.

Nilisoma pia historia yake, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, daktari Mholanzi Willem Kolff alitengeneza figo bandia ya kwanza iliyofaa kutumika kwa binadamu, kwa mpira mwembamba wa selofeni aliouzungusha kwenye pipa. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Wa kwanza aliyeokolewa na mashine ile alipatikana mwaka 1945. Hata baada ya hapo mashine ilisaidia tu wale ambao figo zao zingeamka zenyewe baada ya siku chache, kwa sababu kila awamu iliharibu mishipa. Mtu wa aina yangu, ambaye figo zake hazirudi, alipelekwa nyumbani akafie huko. Mwaka 1960 mjini Seattle, Belding Scribner alibuni kipande cha mpira wa Tefloni kilichoachwa kwenye mkono ili mishipa itumike mara nyingi. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi.

Sasa mashine ikawepo, lakini viti vilikuwa vichache kuliko wagonjwa. Huko Seattle ikaundwa kamati ya watu saba wasiotajwa majina, mmoja wao mchungaji, wachague nani apewe kiti na nani aachwe. Walitazama umri, ndoa, watoto, kipato, elimu, na hata mahudhurio ya kanisani. Niliposoma hilo nilijiona nimekaa mbele ya kamati hiyo na mizani yangu ya sala mkononi: nimeswali kiasi gani, nimetoa sadaka kiasi gani, nastahili nini. Maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemfanya Mungu, mwenyekiti wa kamati. Nikaacha. Sikupewa kiti kwa wema wangu, na figo hazikufa kwa ubaya wangu. Watoto wachanga wanasafishwa damu. Walevi wengine wana figo zinazong'aa.

Watu wengi wanaoniuliza habari za subira hutaka nizungumzie jambo la rohoni. Mimi huwapeleka kwenye maji ya kunywa, kwa sababu hapo ndipo subira yangu inapopimwa kwa mililita.

Mgonjwa ambaye hakojoi tena hana pa kuyapeleka maji anayokunywa. Yanakaa kwenye miguu, kwenye uso, na yakizidi hukaa kwenye mapafu. Kipimo ninachopewa mimi, na wengi hupewa kinachokaribiana nacho, ni kiasi cha mkojo wa siku nzima ukiongezea takriban nusu lita. Chako atakwambia daktari wako. Katika kipimo hicho mna chai, mna mchuzi, mna barafu, mna maji ya kumezea dawa. Lita moja iliyobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani, mizani haina huruma. Na ukija na kilo nyingi huwezi kusema "mashine itatoa tu". Itatoa, ila mwili una kasi yake ya kuyaachia maji kutoka kwenye nyama hadi kwenye damu. Mashine ikivuta kuliko kasi hiyo presha huanguka, unatapika, misuli inakaza, moyo unaumia. Nimeona jitu la miraba minne likilia kwa kukazwa na misuli.

Nimefunga Ramadhani tangu utotoni, nikajidanganya kwamba kiu naijua. Kiu ya saumu ina magharibi yake. Hii haina. Usiku naota maji, na hilo sisemi kwa kutia chumvi.

Na chumvi ndiyo hasa ya kuanza nayo. Niliposhauriwa kupunguza maji nilipambana na maji; nilipopunguza chumvi, kiu yenyewe ikapungua. Anayejaribu kubana maji huku chakula chake kina chumvi anajitesa bure. Lakini usikimbilie chumvi mbadala zinazouzwa kama "chumvi ya wagonjwa wa presha": nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na potasiamu ikizidi kwa mtu asiye na figo husimamisha moyo bila kumpa onyo. Mwenye kisukari naye ajue kwamba sukari ikipanda kiu hupanda nayo. Mambo madogo yanayonisaidia: kikombe kidogo kuliko vyote vya nyumbani, kipande cha barafu kinachonyonywa taratibu na kuhesabiwa, kusukutua maji baridi na kuyatema, kumeza vidonge wakati wa chakula kwa tonge badala ya maji. Dawa za kufunga fosforasi, yaani za kuyanasa madini hayo ya kwenye chakula yasiingie kwenye damu, kwa hali yoyote zinataka kumezwa pamoja na chakula. Ukizimeza tumbo likiwa tupu umepoteza dawa na fedha.

Kuhusu kufunga: mwezi ulipokaribia nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba nitafunga, liwalo na liwe. Nilihisi nikiacha na hili, nimebaki na nini? Daktari alinieleza hatari bila kunikejeli. Kisha nikaenda kwa mwalimu wangu wa dini. Hakunipa hotuba. Alinisomea Al-Baqara, aya ya 184, kwamba mgonjwa amepewa nafasi na kwamba asiyeweza ana fidia ya kumlisha masikini, akanikumbusha kwamba ruhusa nayo imetoka kwa Yule Yule aliyetoa amri. Ninalisha. Wapo wanaosafishwa damu ambao madaktari wao huwaruhusu kufunga siku zisizo za mashine, sina neno nao, ila hatari yao kubwa huwa ni baada ya kufungua: maji ya haraka kwa kiu ya kutwa, na tende, ambazo zina potasiamu nyingi.

Ibada nyingine nayo ilihitaji kupangwa upya. Katheta hairuhusiwi kulowa, kwa hiyo udhu ukawa wa kupangusa juu ya bandeji. Nikaswali nimeketi, na awamu ya mchana ilipokula nyakati mbili nikauliza kuhusu kuzikusanya sala, nikajibiwa kwamba wako wanazuoni wanaomruhusu mgonjwa. Uliza kwa mwanachuoni wa madhehebu yako, na uulize kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ukiwa na sindano mbili mkononi si wakati wa kufungua mjadala wa fiqhi. Kiti changu hakielekei Kibla. Mwaka wa kwanza jambo hilo liliniudhi mno, nikawa namsumbua kila muuguzi anigeuze. Siku hizi naelekea ninakoelekezwa.

Fistula yangu ilipokomaa nilifundishwa kuigusa kila siku. Ukiweka vidole juu yake unasikia mtetemo, damu inapita kwa nguvu. Mtetemo ukitoweka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri zamu yako, maana huenda imeziba na saa za kuiokoa ni chache. Usiilalie, usivae saa ya kubana juu yake, usipimwe presha kwenye mkono huo. Mimi naigusa baada ya sala ya alfajiri, pale mswalani. Vidole vya mkono wa pili viko juu ya mshipa, ulimi uko kwenye tasbihi. Sijui tena kipi ni kipimo cha hospitali na kipi ni dhikri, na nimeacha kujisumbua kuvitenganisha.

Nije kwenye jambo ambalo wengi hulikwepa. Imani inaua watu kwenye dialisisi.

Kiti cha jirani na changu alikuwepo kijana mmoja, mcheshi. Aliwekewa mikono kwenye mkutano wa maombi akatangaziwa kwamba amepona, na kwamba akirudi kwenye mashine anamfanya Mungu mwongo. Hakurudi. Kwa siku chache alijisikia vizuri, na hilo ndilo la hatari: mtu aliyeruka awamu moja anaweza kuamka mwepesi, hana uchovu wa mashine, akasema kweli nimepona. Maji na potasiamu vinapanda taratibu. Tukaja kumwona akiletwa hana pumzi, midomo imebadilika rangi. Aliokolewa. Wengine hawakuokolewa. Kwa upande wetu Waislamu hali si bora, tuna watu wetu wa kombe na mizizi wanaosema hayo hayo kwa Kiarabu. Dawa za mitishamba zenyewe ni tatizo la pili, nyingi huchujwa na figo ambazo wewe huna, na zingine zimejaa potasiamu. Dawa za maumivu za dukani nazo uziulizie, kwa sababu baadhi humalizia hata kile kidogo ambacho figo zako bado zinafanya.

Kipimo changu ni chepesi. Kiongozi wa dini akisema "nakuombea, na Jumatano nenda kwenye mashine yako", msikilize. Akisema uchague, ondoka. Na kama kweli umepona, vipimo vya damu vitaonyesha, na daktari wa figo ndiye atakuwa wa kwanza kukutoa kwenye kiti, maana kuna foleni ya watu wanaokisubiri. Figo zilizoharibika ghafla, kwa upungufu wa maji au sumu au maambukizi, mara nyingine huamka kabisa. Naamini wengi wa wale wajomba na mashemeji wa hadithi walikuwa wa namna hiyo. Zilizokufa kwa miaka mingi ya presha au kisukari hazina desturi ya kurudi.

Bibi mmoja Mkristo, aliyekuwa kwenye mashine tangu kabla yangu, ndiye aliyenifundisha zaidi bila kukusudia. Kila alipofungwa kwenye mashine alianza kuwaombea wauguzi kwa majina, mmoja mmoja, kisha fundi wa mtambo wa maji, kisha dereva aliyemleta. Hakujiombea, au alijiombea kimoyomoyo. Akimaliza ananigeukia: "Mwanangu, leo umekuja na kilo ngapi?" Nikisema nyingi, anafyonza. Nikimjibu chache ananiambia, "Ahsante Mungu, na ahsante wewe pia." Nilipenda ile "wewe pia". Wengi wanaonifariji humpa Mungu yote na kunisahau mimi niliyelala na kiu.

Gharama ni nzito, tusifichane. Hata pale bima inapolipia mashine, kuna nauli mara tatu kwa wiki, dawa, sindano za kuongeza damu, vipimo, na siku za kazi zinazokatwa. Kazi yangu ya kusimama kutwa sikuiweza tena, nikaomba nihamishiwe ya kukaa, kwa mshahara mdogo zaidi. Michango ya jamaa huja kwa kishindo mwanzoni kisha hupungua, na si kwa ubaya. Watu huchangia misiba na harusi, vitu vyenye mwisho. Ugonjwa usio na mwisho hawajui wauchangieje. Nilichojifunza ni kuomba kitu chenye umbo. Badala ya "nisaidieni", nilimwambia binamu: wewe chukua nauli ya Jumatatu. Nikamwambia rafiki wa msikitini: wewe nirudishe nyumbani Ijumaa, kwa sababu nikitoka pale siwezi kuendesha. Bado wanafanya hivyo.

Nyumbani palikuwa na shida ambayo fedha haitibu. Mke wangu alichoka, na alikuwa hana ruhusa ya kuchoka kwa sababu mgonjwa ni mimi. Nguvu za unyumba zilipungua, jambo la kawaida sana kwa wagonjwa wa figo, lakini tuliishi nalo kimya muda mrefu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye asiyetaka. Semeni. Na mwambieni daktari, lina maelezo na mara nyingi lina tiba. Lingine la kumwambia ni huzuni. Kuna wakati nilikuwa naswali sala zote tano na bado sioni sababu ya kuamka. Mshauri wa hospitali aliniambia unyogovu ni wa kawaida kwa watu wa mashine, na nilihitaji vikao vyake na dawa, kama vile presha ilivyohitaji dawa. Waliosema niongeze Qur'ani hawakukosea kunitakia heri, lakini nilikuwa naisoma tayari.

Kisha kuna viti vinavyobaki wazi. Ukikaa kwenye mashine miaka, utazika wenzako. Yule bibi alifariki mwishoni mwa juma, katika zile siku mbili mfululizo bila mashine ambazo wauguzi wote wanajua ni za kuogopwa kuliko nyingine. Ndiyo maana nakazia chakula na maji vibanwe zaidi siku hizo. Jumatatu kiti chake alikaa mtu mwingine, mgeni, macho yamemtoka kwa woga. Nilitaka kumchukia. Nikamuuliza amekuja na kilo ngapi.

Kifo cha bibi kilitufanya mimi na mke wangu tuzungumze tuliyokuwa tukiyaepuka. Ikitokea sijitambui, nani ataamua? Nikifika mahali mashine inanitesa bila kunipa uhai wa maana, nataka nini? Kuendelea hadi mwisho ni halali, na kuacha matibabu yasiyo na faida nako kuna wanazuoni na wachungaji waliokuzungumzia. Si sawa na kujiua, na anayewaza hilo asiwaze peke yake gizani, alete kwa daktari na kwa mtu wake wa dini kwa pamoja. Mimi sijafika huko. Nimeandika wasia, nimeandika orodha ya dawa na uzito mkavu wangu, vyote viko kwenye bahasha moja ambayo mke wangu anajua ilipo.

Kuhusu kupandikizwa figo, tangu pacha mmoja alipompa pacha mwenzake figo mjini Boston, Marekani, mwaka 1954, jambo hili limekuwa tiba ya kweli, na wanazuoni wengi wanaruhusu ndugu aliye hai kutoa figo moja kwa hiari yake. Si uponyaji wa kusahau hospitali: kuna vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo, kila siku, kwa maisha yote ya figo hiyo. Ndugu yangu mmoja ameanza vipimo. Mwingine alikataa, na kwa muda kikao cha familia kilimgeuza kuwa asiye na imani wala damu. Nililazimika kuwaita wote na kusema kwamba figo inayotolewa kwa kusutwa siitaki. Kama wewe ndiye ndugu unayeombwa, omba kuzungumza na madaktari bila mgonjwa wala jamaa kuwepo. Waulize kuhusu upasuaji wako, kazi yako, uzazi wako, presha yako ya baadaye. Ukiona huwezi, waambie hao hao. Timu nyingi zitakulinda kwa kuiambia familia tu kwamba hukufaa kutoa, bila kueleza sababu.